Maswali ya Wasomaji: Kuifahamisha Akili Mnemba Hifadhidata Yako

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, na ninawatengenezea wenye boti za Mokowe na Shela mfumo wa kukatia tiketi. Hifadhidata yangu ni PostgreSQL, na sehemu kubwa ya msimbo huandikiwa na programu ya akili mnemba. Kila mara huniwekea AUTO_INCREMENT, neno la kuzipa safumlalo namba zenyewe, ambalo ni la hifadhidata nyingine, MySQL. Nikiirekebisha leo, kesho hurudi palepale. Je, niifunze modeli upya, au niipe kitabu kizima cha maelezo ya PostgreSQL ikisome?

JIBU: Ndugu yetu, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Modeli hizi zimesomeshwa maandishi ya hifadhidata za kila namna, za matoleo mapya na makuukuu, na masahihisho ya jana kwa kawaida hupotea mazungumzo mapya yanapoanza. Kuifunza upya ni gharama kubwa kwa kasoro ndogo, na kitabu kizima huujaza muktadha wake, yaani maandishi inayoweza kuyazingatia kwa wakati mmoja, hata mstari unaouhitaji ukamezwa na mingine usiyoihitaji.

Kinachofaa ni faili fupi ya maelekezo ndani ya folda ya mradi. Programu kadhaa husoma AGENTS.md, na Claude Code, programu ya kuandikia msimbo ya kampuni ya Anthropic, husoma CLAUDE.md, kazi inapoanza. Mwezi wa Oktoba 2025 Anthropic ilitoa utaratibu mwingine, wa folda zenye faili ya SKILL.md, ambapo programu huona kwanza jina na maelezo mafupi tu, kisha hufungua yaliyobaki pale kazi inapoyahitaji. Mimi naupendelea huu, kwa kuwa anayerekebisha rangi za ukurasa hana haja ya kubebeshwa kanuni za majedwali.

Humo usiandike “andika msimbo safi”. Hilo programu imelisikia mara nyingi mno. Taja toleo lako, eleza kwamba namba za safumlalo huzalishwa kwa GENERATED ALWAYS AS IDENTITY, kisha yaandike yale ambayo hifadhidata hizi mbili hutofautiana kimyakimya. InnoDB, injini ya kuhifadhia data ya MySQL, hujiundia faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji) kwenye safuwima inayorejelea jedwali jingine, lakini PostgreSQL haiundi. Kwa hiyo ukifuta safari moja, jedwali zima la tiketi hupekuliwa kutafuta safari_id yake. Faharasa hiyo nayo ikiundwa kwa amri ya kawaida huzuia uandishi katika jedwali hadi ikamilike, karani wa gatini akabaki na pesa za abiria mkononi asiweze kutoa tiketi, ilhali ukiongeza neno CONCURRENTLY mauzo huendelea, mradi amri hiyo isiwekwe ndani ya muamala, yaani kundi la amri zinazotekelezwa kama kitu kimoja. Sababu hizi ziandike pamoja na kanuni, ili programu itambue hali nyingine inayofanana na hiyo.

Tena, wenye boti wako hawapaswi kuonana mapato. Ulinzi wa kiwango cha safumlalo, unaoamua kila akaunti ione safumlalo zipi, umo katika PostgreSQL tangu toleo la 9.5, lakini kwa kawaida haumzuii mmiliki wa jedwali, kwa hiyo iagize programu ifanye majaribio kwa akaunti isiyo ya mmiliki. Ukiiunganisha na hifadhidata ijisomee majedwali, tumia nakala na akaunti ya kusoma tu.

Faili ikiwa tayari, ipe programu kazi ileile ikiwa nayo na isipokuwa nayo, na kila mstari usiobadilisha jibu uufute.