L3 kwa mama, J2 kwa baba: kipimo kipi kinaeleza asili yetu?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kipimo changu cha mitokondria (sehemu ndogo za seli zenye DNA yake, yaani maandishi ya urithi) kimetoa tawi la ukoo liitwalo L3, na cha kromosomu Y (kifurushi cha DNA cha wanaume) ya kaka yangu kimetoa tawi la J2. Nyumbani tumelelewa tukiambiwa sisi ni Washirazi, yaani wenye asili ya Shiraz huko Uajemi, Iran ya leo. Niamini kipi?

Jibu: Dada yangu, viamini vyote viwili, ila usivibebeshe visichoweza kubeba. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, na kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Ukihesabu vizazi 10 nyuma, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Vipimo vyenu vimemgusa babu mmoja na bibi mmoja. Wale 1,022 hawajaulizwa.

Tena L3 ni tawi la kale mno, la makumi ya maelfu ya miaka, halitaji kabila. J2 ipo kweli Iran, lakini ipo pia Uturuki, Iraki na India. Kaka yako akitaka kupambanua, apimwe SNP za matawi madogo ya J2, yaani herufi mojamoja za DNA zilizobadilika. Hizo hubadilika kwa nadra sana, ndiyo maana ukoo wa kale unafuatika. STR, vile vipande vinavyojirudia, hubadilika upesi. Vinafaa zaidi kulinganisha ndugu wa vizazi vya karibu.

Kwa swali lako, mimi ningetegemea zile jozi 22 za kromosomu tunazorithi kwa wazazi wote wawili. Maelfu kwa maelfu ya SNP zake husomwa kwa pamoja. Na kwa kuwa vipande vya DNA hukatika kila kizazi, urefu wake hueleza watu walichanganyika lini. Utafiti wa 2023 wa mabaki ya watu 80, ambao mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na mtaalamu wa jenetiki David Reich walishiriki, ulitumia njia hiyo. Wazee wa Mtwapa na Manda, miji ya kale ya pwani ya Kenya, walionekana kuanza kuchanganyika karibu mwaka 1000: upande wa kike karibu wote Waafrika, upande wa kiume wengi kutoka Uajemi, na India kidogo. Baada ya mwaka 1500, asili ya Uarabuni iliongezeka. Mitokondria peke yake ingewafuta Waajemi hao. Y peke yake ingewafuta bibi zetu, na hilo lingekuwa dhuluma kubwa zaidi.

Majibu yenu yanafanana na picha hiyo, lakini hayatoshi kuthibitisha Ushirazi. Kabla ya kulipia kipimo cha jozi zote, uliza maabara inalinganisha na sampuli za watu gani. Kama haina za pwani yetu wala za Iran, asilimia itakazokupa zitakupoteza.