Breki inajikanyaga, kigari kinalegea njiani

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Lindi mjini, nyumba yetu iko jirani kabisa na bahari. Nina michezo miwili ya mbio. Wa kwanza ni usukani na pedali za kompyuta, ninazotumia kushindana na watu mtandaoni. Wa pili ni seti ya vigari vya umeme vinavyokimbia kwenye mfereji wa njia, saizi 1:32, aliyoniletea mjomba kutoka Uingereza. Vigari vinakwenda vizuri karibu na transfoma, lakini vikifika upande wa pili vinalegea. Kwenye kompyuta nako breki inajikanyaga yenyewe nikiwa kwenye mwendo, na wenzangu wanalalamika kuwa gari langu linarukaruka. Ninunue vifaa vipya, au niache mchezo mmoja?

JIBU: Marahaba. Usinunue chochote kwanza. Malalamiko yako mawili kati ya matatu yanatokana na huo huo upepo wa bahari unaokula mabati yenu. Nipo Mtwara, nayajua.

Tuanze na vigari. Ufundi wake ni wa zamani (vigari vya chapa ya Scalextric vilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1957) na ni mwepesi kuuelewa. Transfoma inatoa volti 12 hadi 15 za moja kwa moja, zinapita kwenye reli mbili za chuma kandokando ya mfereji, na kigari kinazichukua kwa vile visuka viwili vya nyuzi za shaba vilivyo chini ya pua yake. Sasa angalia: njia yenyewe imeungwa kipande kwa kipande, na kila kiungo chenye kutu kinakula volti kidogo. Viungo kumi tu vikishika kutu, upande wa mbali unabaki na njaa.

Chukua mita ya kupimia volti, mwambie mtu akimbize kigari, wewe pima volti za reli karibu na transfoma, kisha upande wa mbali. Lazima kigari kiwe kinavuta umeme, maana njia ikiwa tupu mita itakudanganya kwamba kila mahali ni sawa. Ukikuta tofauti ya volti mbili tatu, chomoa umeme na usafishe. Sugua reli kwa raba ya kufutia penseli, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti. Msasa unakwangua ule utando wa juu ya chuma unaozuia kutu, kwa hiyo uache. Na stili waya ya jikoni usiisogeze kabisa: vinyuzi vyake vinavutwa na sumaku ya mota, vinaingia ndani, na hapo kigari umekiua. Viungo vya reli vilivyolegea vibane kidogo kwa koleo, na visuka vya shaba vichanue kwa ncha ya sindano viguse reli vizuri. Kama njia yako ni ndefu, pitisha waya jozi chini ya ubao kutoka kwenye transfoma hadi upande wa mbali, uziunge na reli zile zile. Kuwa makini, waya zikipishana umetengeneza shoti.

Umeme ukikatika, najua utatamani kutumia betri ya sola ya volti 12. Inafanya kazi, ila weka fyuzi ya ampea 3 kwanza. Transfoma ndogo ikipigwa shoti inajikata au inachoka. Betri haichoki, inayeyusha waya.

Sasa breki. Pedali nyingi za bei ya kawaida zina ndani kile kifaa ambacho mafundi redio tunakiita voliumu: ukikanyaga, kinageuka. Unakumbuka redio inavyokwaruza ukigusa kitufe cha sauti? Ndicho kinachokupata, ila hapa mkwaruzo unasomwa na kompyuta kama mguu wako. Fungua ukurasa wa kurekebisha pedali, kanyaga polepole, utaona mstari unatetemeka badala ya kupanda taratibu. Chomoa waya wa USB, fungua kifuniko, puliza dawa ya kusafishia kontakti ndani ya voliumu, kanyaga mara thelathini, acha ikauke. Ukimaliza, seti zote mbili zifunike kwa plastiki, utupie ndani vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kurukaruka hakuhusiani na chumvi. Kwenye mbio za mtandaoni kompyuta ya mwenzako inakisia gari lako liko wapi mpaka habari mpya ifike. Kama seva iko Frankfurt, ni zaidi ya kilomita 7,000 kutoka Lindi, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo za intaneti unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 70, kabla hujahesabu mizunguko ya nyaya za baharini. Huwezi kuzipunguza hizo. Unachoweza ni kuzifanya zisiyumbe, kwa sababu ucheleweshaji wa milisekunde 180 uliotulia ni bora kuliko unaocheza kati ya 90 na 400. Acha Wi-Fi, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, zuia simu za nyumbani zisipakue video wakati wa mbio, na ukipata seva ya Johannesburg ichague hiyo.

Kuacha mchezo mmoja? Hapana, ila hapo nina upendeleo wangu. Geuza kigari, chini utakuta kijisumaku kinachokivuta kwenye reli. Kibandue. Kikiwepo, kigari kinang'ang'ania kona mpaka ghafla kinaruka nje, bila onyo. Kisipokuwepo, mkia unaanza kuteleza unauona, nawe unapunguza kidole kidogo kwenye kidhibiti cha mkononi unaurudisha. Na kama kidhibiti chako kinaunganisha reli mbili ukiachia kidole kabisa, mota inageuka jenereta na kuwa breki yenyewe. Shika mota ndogo, zungusha ekseli yake kwa vidole waya zikiwa wazi, kisha zigusanishe uzungushe tena: utaihisi imekuwa nzito. Mizunguko itakuwa ya polepole zaidi wiki ya kwanza, na mjomba akija atakucheka.