Kabla hamjapitisha ramani ya kituo cha wazee, andikeni ratiba ya wiki

Mkuu, umeuliza kamati yenu ikague nini kwenye ramani ya kituo cha wazee kabla madiwani hawajaipitisha, kwa kuwa kiwanja kipo na fedha za ujenzi zimeshatengwa. Ushauri wangu ni kwamba ramani isubiri kidogo. Andikeni kwanza ratiba ya wiki moja ya kituo kikiwa kinafanya kazi. Saa kwa saa: shughuli gani, chumba gani, watu wangapi, nani anasimamia, na huyo msimamizi analipwa kutoka fungu gani. Ukubwa wa ukumbi, jiko na idadi ya vyoo vitatoka humo.

Nasisitiza hili kwa sababu vituo vya namna hii mara nyingi vinakufa vikiwa na jengo zuri tu. Jengo liliingia kwenye bajeti ya maendeleo, lakini mishahara, umeme, maji, usafi, bima na matengenezo havikuingia kwenye bajeti ya matumizi ya kawaida. Mwaka wa kwanza kunachangamka, wa pili anabaki mlinzi na geti lake. Kwa hiyo mweka hazina akae meza moja na mhandisi tangu kikao cha kwanza, na makadirio ya uendeshaji yawe ya miaka mitano. Matengenezo yasiachwe sifuri eti jengo bado jipya. Kipimo kinachotumika sana kwa majengo ya umma ni kutenga kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga upya. Halmashauri ikisema haiwezi kubeba kiasi hicho, punguzeni jengo sasa hivi, wakati kupunguza ni kufuta mstari tu.

Kuhusu kuwashirikisha wazee, mkutano wa hadhara hautoshi. Wanaofika mkutanoni ni wale wenye miguu bado. Aliye nyumbani, asiyesikia vizuri, au anayemuuguza mwenzi wake hamtamwona pale, na ndiye anayekihitaji kituo zaidi. Mfuateni alipo kupitia wahudumu wa afya ya jamii. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007 lilianzia hapo hapo, kwa kuwasikiliza wazee na wanaowatunza katika miji 33. Swali nalo lina namna yake. Ukiuliza "mnataka nini?" utapewa orodha ya kila kitu. Uliza "Jumanne iliyopita saa nne asubuhi ulikuwa wapi, ulifikaje hapo, na nani alikusindikiza?" Majibu ya namna hiyo ndiyo yatakayowaonyesha saa ya kufungua na kama mtahitaji gari.

Kiwanja mnacho, lakini kipimeni kwa miguu. Kituo cha basi kikiwa zaidi ya mita 400, wengi hawatakuja bila usafiri. Njia ya kuingilia iwe na benchi kila mita 50 hivi. Kama kuna barabara yenye taa za kuvukia, angalieni muda wake: taa nyingi hukadiria mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, na wazee wengi hawafikishi huo.

Sasa ramani yenyewe. Jengo liwe la chini, bila ghorofa kama inawezekana. Jambo la kwanza kukagua ni rampu, yaani njia ya mteremko isiyo na ngazi, maana ndipo mahesabu yanapopotea. Mteremko mkali kabisa unaokubalika ni 1 kwa 12, yaani kupanda sm 1 kwa kila sm 12 za urefu. Sakafu ikiwa juu ya ardhi kwa sm 60, rampu inahitaji mita 7.2, halafu ongezeni sehemu tambarare za mita 1.5 juu na chini. Ukitaka mteremko laini wa 1 kwa 20, ni mita 12. Msanifu asipoacha nafasi hiyo mapema, mkandarasi atafika mwisho wa kiwanja kabla ya kufika mlangoni, na ataifanya rampu iwe kali zaidi ili itoshe. Mara nyingi dawa ni kushusha msingi na kutengeneza mifereji mizuri ya maji, maana kurefusha zege ni ghali zaidi.

Mlango ulioandikwa sm 90 haukupi sm 90. Toa fremu, toa unene wa ubao uliofunguka, unaweza kubaki na sm 80 au pungufu, na kiti cha magurudumu kinaanza kukwangua vidole vya mwenyewe. Andikeni kwenye ramani "nafasi wazi sm 85", msiandike ukubwa wa mlango.

Chooni ni mojawapo ya sehemu ambako wazee wengi huanguka, kwa hiyo msipitishe haraka. Mlango ufunguke kwa nje: mtu akianguka nyuma ya mlango wa kufungukia ndani, mwili wake unauzuia, na waokoaji wanabaki kusukuma. Ndani kuwe na nafasi ya mduara wa mita 1.5 kiti cha magurudumu kigeuke. Choo cha kukaa kiwe na kimo cha sm 43 hadi 48. Vishikio vifungwe kwenye ukuta imara na vibebe si chini ya kilo 113. Fundi akivifunga kwa plagi za plastiki za skrubu juu ya kigae tu, vitang'oka siku mtu anapovihitaji kweli. Waandikieni hilo kwenye mkataba.

Sauti na mwanga husahaulika kabisa. Ukumbi wenye vigae chini, kuta tupu na dari ngumu unarudisha mwangwi, na kifaa cha kusaidia kusikia kinakuza mwangwi pamoja na maneno. Asiyesikia hatalalamika, ataacha tu kuja. Wekeni dari ya kufyonza sauti na mapazia mazito, na mwombeni msanifu ahakikishe mwangwi unakwisha ndani ya sekunde 0.8. Kuhusu mwanga, jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi ya mwanga unaopokelewa na la miaka 20, kwa hiyo taa ziongezwe, lakini vigae visiwe vya kung'aa. Ukingo wa ngazi uwe na rangi tofauti na sakafu. Viti viwe na mikono ya kuegemea. Vile vyepesi vya kupangana ni rahisi kununua ila mzee hawezi kujiinua navyo.

Siku ya makabidhiano nendeni na mtu anayetumia kiti cha magurudumu na mwingine anayetembea kwa kushikilia fremu ya kutembelea, waingie kila chumba bila kusaidiwa. Beba pima maji ya sm 120: iweke juu ya rampu, inyanyue upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha uliyoinyanyua. Ikizidi sm 10, rampu ni kali kuliko 1 kwa 12. Ning'inia kwenye kila kishikio kwa uzito wako wote. Kasoro zote ziandikwe siku hiyo hiyo, na pesa ya mkandarasi iliyozuiliwa kama dhamana ya kazi isiachiwe mpaka zirekebishwe na kupimwa upya.