Mzee wa Kitalu Anajibu: Bluberi ya kutambaa kwenye mchanga wa Tegeta

*Shikamoo Mzee wa Kitalu. Naishi Tegeta, Dar es Salaam, mbele ya nyumba nina uwanja mdogo wa mchanga mweupe wenye vipande vya matumbawe. Nyasi zimenishinda, kila kiangazi zinakauka. Wifi yangu yuko Carolina Kaskazini, Marekani, na kwake ana bluberi isiyosimama. Inatambaa chini kama zulia, na majani hayapukutiki mwaka mzima. Anakuja Desemba, amesema ataninyofolea vipande aje navyo kwenye begi. Je, itakubali hapa? Namwagilia maji ya kisima. Watoto wameshaanza kuuliza watakula lini. — Mama wa Tegeta*

Marahaba, mwanangu. Nianze na begi la wifi yako, maana ndilo lenye haraka. Mwambie asithubutu. Kipande cha mmea hakiingii nchini bila kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na cheti cha afya ya mimea kutoka kule kinakotoka, kisha mkaguzi akione. Usiseme ni usumbufu tu. Yule mdudu mweupe aliyeshambulia mihogo ya Afrika kuanzia miaka ya 1970 kwao ni Amerika Kusini, na hakuja kwa kuogelea.

Tuseme basi ameleta mche kwa njia ya halali. Wataalamu wanauita Vaccinium crassifolium. Asili yake ni pwani ya kusini-mashariki ya Marekani, Carolina zote mbili na jirani zake, kwenye mchanga ulio chini ya misonobari. Ukisikia pwani, ukisikia mchanga, unaona ni Tegeta hiyohiyo. Siyo. Mchanga wa kule ni mchachu, na bluberi hujisikia nyumbani pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu unazidi, ikiwa kati ya 4.5 na 5.5. Wako umetokana na matumbawe, yaani chokaa, nao unavuka 7. Kwenye chokaa madini ya chuma yapo lakini mizizi haiyapati. Utaona majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa imebaki ya kijani, utadhani ni njaa, utaongeza mbolea, na mmea utazidi kudhoofika.

Wamarekani wenyewe walihangaika na jambo hili. Bluberi walikuwa wakiziokota porini. Wakizihamishia kwenye shamba zuri lenye rutuba, zinadumaa. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea Frederick Coville alichapisha majaribio yake yaliyoonyesha kuwa zinataka udongo mchachu. Mwaka 1916 yeye na Elizabeth White, binti wa mkulima wa New Jersey, wakauza mavuno ya kwanza ya bluberi zilizolimwa. Kwa hiyo ukimsikia mtu anakwambia "weka samadi ya kutosha tu itakubali", mpishe.

Zulia la uwanja mzima lisahau. Beseni moja pana barazani, hapo nakuunga mkono. Liwe pana kuliko kina, kwa kuwa mizizi yake ni myembamba kama nywele na hukaa juujuu, na litobolewe vizuri chini. Usiweke hata koleo moja la udongo wa uwanjani. Nenda Keko kwa mafundi wa fanicha, uombe maranda ya paini isiyopigwa dawa. Mbao zile za kijanikijani za kuezekea zina dawa, maranda yake yaache hukohuko. Yaloweshe yaanze kuoza, kisha changanya na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na mchanga wa mto. Makumbi yasuuze mara kadhaa kwanza, maana mengi huloekwa kwenye maji ya bahari na chumvi hubaki. Halafu ongeza kijiko cha chai cha salfa ya unga, ileile wanayopulizia mikorosho Mtwara na Lindi. Salfa haifanyi kazi siku hiyohiyo. Bakteria wa udongoni huigeuza asidi polepole, kwa miezi, kwa hiyo andaa beseni mapema kabla mgeni hajafika, na upime pH kabla ya kupanda.

Sasa maji, na hapa ndipo nina wasiwasi nawe kuliko kwenye udongo. Chungulia ndani ya birika lako. Ukikuta ukoko mweupe, hayo maji ya kisima yamebeba chokaa, na kila unapomwagilia unabomoa kazi ya salfa. Kinga maji ya mvua. Masika na vuli vikijaza simtanki moja, beseni lako limepata maji ya miezi mingi. Udongo uwe na unyevu muda wote lakini maji yasituame, maana mizizi huoza upesi.

Liweke upande wa mashariki lipate jua la asubuhi, mchana likae kivulini. Tandaza maranda juu, palilia kwa vidole, jembe lisisogee. Mbolea ni SA, yaani salfeti ya amonia: yeyusha nusu kijiko cha chai kwenye ndoo ya maji ya mvua, mara moja moja. Mbolea ya CAN hapana, ina kalsiamu. Majivu hapana. Mbolea ya kuku ndiyo hapana kabisa. Tawi likigusa udongo huota mizizi lenyewe, na hapo ndipo utakapopata mche wa kumgawia jirani.

Watoto waambie ukweli. Hata Marekani mmea huu hupandwa kwa ajili ya kufunika ardhi. Aina zinazouzwa, kama Wells Delight na Bloodstone, zilichaguliwa kwa uzuri wa majani. Tunda lake ni dogo sana, jeusi. Na kwao kuna majira ya baridi yenye jalidi, wakati usiku wetu wa Julai ukishuka sana ni nyuzi 18 hivi. Najua utaniambia Peru wanavuna bluberi pwani pasipo na jalidi. Kweli, lakini zile ni aina ndefu zilizochaguliwa kwa hali hiyo, na pwani yao ina ubaridi ambao Dar hatuna. Kama una ndugu Lushoto au Mufindi, panapostawi chai, mche wako ungefurahi zaidi huko.

Watoto wapandie mforosadi. Unachomeka kijiti tu, haubagui udongo, na watapaka midomo rangi mpaka wachoke. Uwanja ujaze matembele: yanatambaa, yanafunika mchanga, na jioni yanaingia sufuriani. Sijui zulia gani la Marekani linaweza hilo.

*Mzee, nikinunua bluberi supamaketi nikapanda mbegu zake zitaota? — Kijana wa Mbezi*

Zitaota, kijana wangu, ukiwa na subira. Ponda tunda kwenye maji, mbegu nzima zitazama. Zimwage juu ya mchanganyiko niliomweleza Mama wa Tegeta, usizifukie, zinahitaji mwanga. Mche utakaotoka hautafanana na mama yake, na matunda ni suala la miaka.

*Jirani kaniambia nimwagie siki na mashapo ya kahawa udongo uwe mchachu. — Msomaji wa Kigamboni*

Siki weka kwenye kachumbari. Ardhini hushusha pH kwa siku chache, kisha chokaa inarudi palepale. Mashapo ya kahawa ni mboji nzuri, ila asidi yake nyingi imeshabaki kwenye kikombe. Kwa mchicha na bamia yachanganye na majani makavu uyaozeshe kwanza. Ukiyamwaga mabichi kwa wingi yanagandamana juu na maji hayapiti.