Wakala haulizi: niliyojifunza nikiandika maelezo ya orodha ya unukuzi

Nianze na hasara. Tuna ofisi ndogo Kirumba, Mwanza, kazi yetu ni unukuzi: mtu analeta rekodi ya mahojiano, sisi tunamrudishia maandishi. Sasa, wavuvi wa dagaa hupumzika wakati wa mbalamwezi kwa sababu taa zao hazivuti dagaa kama gizani. Watafiti wanalijua hilo, ndipo huwafuata mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Kwa hiyo rekodi hazitujii moja moja, zinakuja furushi. Mbalamwezi moja zilikuja 34.

Nilikuwa nimetengeneza kiprogramu cha kuonyesha kazi za unukuzi zilizopita, ili wakala wetu wa akili mnemba, yaani programu inayotumia zana na kufanya kazi yenyewe (si wa kutoa pesa, huyu hata kibanda hana), aangalie kwanza kipi kimeshafanyika kabla ya kupeleka faili kwenye mashine. Maelezo niliyomwandikia yalikuwa haya tu: “Huorodhesha kazi za unukuzi.” Nikajiona nimemaliza.

Asubuhi mwenzangu akaniita. “Kaka, mbona yule mama wa Igombe yupo mara mbili?”

Hakuwa peke yake. Kiprogramu hurudisha kazi 20 kwa ukurasa. Usiku ule nilimwambia wakala amalizie zilizobaki, naye akaona 20, akaamini 14 hazijaguswa, akazinukuu upya zote wakati zilishakamilika. Sauti zilezile tukazilipia mara mbili.

Kijana mpya ofisini akiona orodha imekatika kwenye 20 kamili, atashtuka na kuuliza. Wakala hashtuki. Kwenye MCP, utaratibu wa kumuunganisha wakala na zana kama kiprogramu changu, ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024, zana hujitambulisha kwake kwa jina, maelezo na vigezo vyake. Usichoandika hapo, atajijazia. Na huduma hazifanani: Amazon Transcribe, huduma ya unukuzi, usipoitajia idadi hukupa kazi 5, na mwisho wake ni 100 kwa mara moja. Orodha ikikatika, jibu huja na tokeni, alama ya kuombea ukurasa unaofuata. Siku hizi maelezo yangu yanasema: “Jibu likiwa na tokeni ya ukurasa unaofuata, kazi nyingine zipo. Ita tena mpaka tokeni ikosekane, ndipo useme kazi haipo.”

Kilichonitoa jasho zaidi ni saa. Seva hutunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko saa 3 mbele, na juu ya hapo mteja wa Mwanza hasemi 20:00, anasema saa mbili usiku. Mmoja aliomba “ile niliyotuma jana saa mbili usiku”. Wakala akaenda kutafuta 02:00, akajibu kwa adabu zote kwamba haipo. Ilikuwepo, imeandikwa 17:00. Rekodi za usiku mkubwa ndizo balaa kabisa, maana saa nane usiku wa kuamkia Jumanne hapa kwetu, kwenye seva bado ni Jumatatu 23:00, hivyo hata siku inakosewa. Nilijaribu kumwandikia kanuni ndefu, hazikusaidia. Kilichosaidia ni mfano mmoja: saa mbili usiku Mwanza ni 20:00, kwenye orodha ni 17:00.

Taja pia hali zote za kazi kwa maneno yaleyale yanayotoka kwenye orodha, na useme wazi kwamba iliyoshindwa nayo huonekana humo. Taja orodha inarudi nyuma hadi lini. Usimwachie alinganishe majina ya faili: sauti ileile ikipitia WhatsApp huweza kufika na jina jingine kabisa, kwa hiyo sisi tumeongeza urefu wa rekodi kwa sekunde.

Halafu kuna hili, ambalo sikulitegemea. Nilimwomba wakala muhtasari wa kazi za wiki. Akaniletea aya nzuri sana kuhusu mkutano wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa fukwe: wajumbe walijadili uvuvi haramu na nyavu zisizoruhusiwa. Nikakaribia kuituma kwa mteja. Mwenzangu, aliyeisikiliza ile rekodi mwanzo hadi mwisho, akacheka mpaka akaweka chai mezani. Dakika 50 zote walikuwa wanagombania choo cha mwaloni, nani anashika ufunguo na hela za wasafiri zinaenda wapi. Wakala hakuwa amefungua maandishi hata mstari mmoja. Aliona jina la faili, “BMU_mkutano”, akatunga.

Sentensi ya kwanza ya maelezo yangu sasa inasema: “Orodha hii haina maandishi ya rekodi, ukitaka kujua kilichosemwa, tumia namba ya kazi kuyafungua kwanza.” Yote yamefika sentensi tisa, na siongezi kizembe kwa sababu wakala huyasoma kila anapoanza kazi, na kusoma huko kuna gharama. Nikibadilisha neno, nampa kwanza mwenzangu ayasome kwa sauti. Wiki iliyopita aliishia sentensi ya nne, akaniangalia. “Kaka, na faili likiwa bado linapakiwa, huyo wako atalionaje?”

Sijaiandika bado. Ndiyo kazi ya leo mchana.