Kutoka nesi wa cheti hadi diploma: anza na ratiba ya zamu

Dada yangu wa Likoni, umeuliza kama nesi wa cheti, yaani KECHN, asomee diploma ya KRCHN huku yuko kazini, aache kazi akasome kutwa, au aruke moja kwa moja hadi digrii. Mimi nilisoma nikiwa kazini, hapa hapa Mombasa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaonja.

La digrii tulimalize upesi. Umesema KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ulipata C. Digrii ya uuguzi inaanzia C+, basi mlango wako ni diploma, hiyo nyingine utaifuata baadaye.

Sasa penye uzito. Wengi huhofia karo na vitabu. Karo utapambana nayo kwa sako na chama, na vitabu utavisoma hata ukiwa kwenye feri. Kinachowashinda watu ni saa za mazoezi ya wodini. Masomo ya mbali yalishika kasi kuanzia 2005, shirika la afya la Amref, Baraza la Wauguzi na serikali walipowaletea manesi wa cheti masomo ya kompyuta, maana ndio waliokuwa wengi nchini na wasingeweza kutolewa wodini wote kwa mpigo. Lakini kompyuta haimzalishi mama. Zamu za leba, za watoto, za wagonjwa wa akili, utazifanya wewe mwenyewe, na mwajiri naye bado anakuhesabu kwenye ratiba yake.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata ada ya maombi, nenda kwa msimamizi wako umuulize nani atashika zamu zako ukiwa mazoezini. Akikubali, akuandikie. Mwenzangu mmoja wa kliniki ya kibinafsi aliahidiwa kwa mdomo, msimamizi akahama, na yule mpya hakutaka kusikia. Mwenzangu akawa anatoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, saa tatu anatakiwa leba, tena kwa miezi. Mtu wa namna hiyo ni hatari kwa mgonjwa na kwake mwenyewe. Ukinyimwa maandishi, ushauri wangu ni uweke akiba kwanza, kisha uache kazi ukasome kutwa. Najua ni uamuzi mzito ukiwa na watoto.

Jambo lingine, usitegemee uzoefu kwenye mtihani wa vitendo. Kugawa dawa umegawa miaka, lakini mtahini amesimama kando na karatasi yake: unasoma lebo ukiitoa chupa kabatini, unaisoma ukipima, unaisoma tena kabla ya kuirudisha. Ukiruka moja, umeanguka. Niliwaona manesi hodari sana wakikwama hapo, na vijana waliotoka sekondari juzi wakapita.

Chuo chochote utakachochagua, hakikisha kimeidhinishwa na Baraza na upate mapema namba yako ya indeksi, yaani ya kuorodheshwa na Baraza kama mwanafunzi, kwani bila hiyo hukalii mtihani wa leseni.

Na kama Marekani imo akilini mwako, fahamu kwamba kule kuna mitihani miwili ya leseni, NCLEX-PN ya manesi wa vitendo na NCLEX-RN ya waliosajiliwa. Inakupa leseni mbili mbalimbali, na majukumu yake hayalingani.

Noti zangu za patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, bado ninazo. Ukishapata nafasi niambie nikutumie.