Kitabu ulichokipenda zamani kirudie, ila anza na kurasa ulizoziruka

Kama bado una kile kitabu kilichokuchanganya akili enzi za chuo, kitoe kabatini ukisome tena. Changu ni Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilitoka 1997, kopi yenyewe nilinunua ya mtumba hapa hapa mjini Moshi. Ushauri wangu ni mmoja, usianzie ulipopiga mistari. Pale ulishapaelewa, au ulidhani umepaelewa.

Mistari yangu myekundu yote iko kwenye habari za kuacha ajira na pesa ikufanyie kazi, si unajua ujana. Ile sura ya kufanya kazi ili ujifunze na sio kufuata mshahara tu ilikuwa nyeupee. Humo kuna mwandishi wa habari anataka vitabu vyake viuzike, Kiyosaki anamwambia nenda kasomee kuuza, dada wa watu anachukia, yani na masters yake akajifunze umachinga? Na jamaa mwenyewe anasema alienda kuajiriwa Xerox, kampuni ya mashine za fotokopi, kwa sababu alikuwa na aibu na anaogopa kukataliwa, kwa hiyo akaenda kufundishwa kuuza. Sasa hivi nauza mashuka soko la Memorial hapa Moshi na nakwambia hiyo sura ndo kitabu chenyewe. Mteja analikunjua shuka, analinyanyua juani, anasema mbona limepauka, na halijapauka popote, halafu anakuangalia usoni aone utashusha bei au utaongea. Hapo ndo pa kujifunzia.

Kirudie na kalamu ya rangi nyingine na usiogope kuandika "hapana" pembeni, mi nimeandika nyingi tu.

Kubwa ni ya nyumba. Anasema nyumba unayokaa sio mali kwa sababu inatoa hela mfukoni badala ya kuingiza. Haya, kamwambie hivyo mzee wa Rombo aliyepiga bati la msauzi kwenye kihamba, yani shamba la ukoo la Wachaga, nyumba vyumba kibao, inafunguliwa Desemba watu wakirudi. Kihesabu Kiyosaki ana pointi, magrili na vigae vimemeza mitaji ya watu wengi huku kwetu. Ila mifano yake ni ya kwao Marekani, kama ile ya Phoenix enzi soko la nyumba limeanguka, nyumba zinauzwa bei ya kutupa, unanunua unauza. Kihamba ni cha ukoo bana, wazee wamezikwa pale, huamki tu ukakipiga bei. Na hiyo hiyo Desemba ndo panakaliwa kikao cha nani alipiwe ada na nani achangiwe mtaji, hiyo faida haimo kwenye michoro yake. Kwa hiyo ukikuta mfano jiulize ni wa benki za wapi na ardhi ya wapi, ndo uubebe.

Mi binafsi nimeamua fremu mjini kwanza, nyumba ya kihambani baadaye, na bimkubwa mpaka leo hajanielewa.